Upande wa Kulia

Bi Tausi alikwenda gereji kuulizia breki za gari la mumewe. Mumewe alifia ndani yake kwenye ajali, yeye akatoka na mkono uliovunjika, na mtaa mzima ulisema breki zilikatika. Alitaka fundi aseme vivyo hivyo, apate usingizi.

Fundi Kibwana hakumjua. Alimdhania mnunuzi wa chuma chakavu.

"Breki? Mama, usimsingizie Mjerumani! Breki za gari lake hili nzima kuliko magoti yangu. Mjapani ni mwepesi, spea zake tele, na usukani anatuwekea kulia, kama barabara zetu zinavyotaka. Huyu kaja na usukani wa kwao, kushoto. Dereva akiwa nyuma ya lori haoni kitu, mpaka aliyekaa kulia achungulie amwambie, 'Pita.' Sijui marehemu alimpakia nani pale. Labda gunia la viazi!"

Akacheka peke yake.

"Nilikaa mimi," alisema Bi Tausi.

Kicheko kikamkauka fundi. "Pole, dada yangu. Mimi na mdomo wangu huu..."

"Nilimwambia apite. Niliona njia nyeupe."

Alifungua mlango wa kulia kwa mkono mzima, akapangusa vipande vya kioo kitini, akakaa. Mbele palikuwa na fundi, na nyuma yake ukuta wa gereji. Akatoa kichwa nje ya dirisha, akachungulia muda mrefu, midomo kaifumba. Fundi Kibwana, bila kujua kwa nini, akaondoka mbele ya gari.