Ruba wa Sikudhani

Zama hizo dawa zilikuwa viumbe hai, na mgonjwa alipewa yake aifuge mwilini. Ulimi wa Sikudhani ulikuwa umewaka moto miaka miwili, kama wa mtu anayetafuna pilipili kutwa kucha. Madaktari hawakuona kidonda wala utando, na damu yake ilikuwa safi. Mwishowe wakasema ni mishipa ya fahamu, wakamwekea mdomoni ruba mweupe wa kuunyonya ule moto kwa siku arobaini.

Maumivu yalitulia wiki ile ile. Aliyeteseka sasa ni mumewe, Mwinshehe. Kila walipokula alimwona ruba akijinyonganyonga katikati ya ugali uliotafunwa, ute ukimchuruzika mkewe kidevuni. Akahamia barazani na sahani yake.

Siku ya arobaini daktari aliupima ulimi, akaridhika.

"Umepona, mama. Panua mdomo nimtoe."

Sikudhani akafumba midomo.

"Mke wangu, si umesikia?" Mwinshehe akamuuliza.

Sikudhani akameza mate. "Twende nyumbani," akasema kwa upole. "Hajala tangu asubuhi."

Mwinshehe alilitazama shavu la mkewe likitutumka polepole, akasogeza kiti chake pembeni.