Mlango Unaosubiri Choo Safi

Siku hizi choo cha kila nyumba hupima kinachoingia, na kikiona wadudu wa kuhara, humfungia mgonjwa mlango wa mbele mpaka apone. Tulifungiwa pamoja, mimi na mume wangu, Baba Tatu. Yeye mwili wake mzima, akapona, akatoka. Mimi nahara mpaka leo.

Jioni huja dirishani na chupa ya uji.

"Maji unachemsha, Mwanakombo?"

"Nachemsha mpaka sufuria inataka kutoboka. Si maji, Baba Tatu. Ni vile vidonge. Vinaipumbaza kinga yangu isiishambulie figo uliyonipa, na mdudu naye kapata pa kulala."

"Basi vipunguze, utoke."

"Daktari anasema nikivipunguza, figo yako inaweza kufa."

Akanipitishia chupa ya uji. Figo alinipa bila hata kuulizwa mara mbili.

Mlango huu humzuia anayetaka kutoka tu. Kwa nje hufunguka kwa yeyote, ila aingiaye naye hufungiwa mpaka choo kimwone safi. Kila jioni, kabla hajaondoka, namsikia akishika kitasa. Hukishika kwa muda. Kisha hukiachia, akaniambia nilale salama.