Kikuku cha Nyumbani

Tangu vikuku vije, hakuna mzee anayeyumba peke yake. Wanaofanya mazoezi pamoja uwanjani huvaa miguuni vikuku vilivyofungamana: mmoja akiteleza nyumbani kwake, miguu ya wenzake wote hujikaza mpaka asimame tena.

Ndiyo maana Bi Mwanahija, akiwa anageuza chapati, mguu wake hukanyaga sakafu ghafla na mwili mzima ukayumba kama pazia. Naye hujua papo hapo ni nani aliyeteleza. “Pole, Mzee Shekue,” humwambia mtu aliye mtaa wa pili, kisha huinama kuokota chapati.

“Mama, utakuja kuungua kwa ajili ya miguu ya watu,” alisema bintiye, Saumu.

“Ni yangu pia, mwanangu.”

Saumu hakusikia la mtu. Akamvua kile cha uwanjani, akamvisha kikuku cha nyumbani, kinachomsikiliza mvaaji peke yake. Bi Mwanahija akafanya mazoezi jikoni, ameshika kiti, na kweli miguu ikapata nguvu. Chapati zikatoka duara. Nyumba ikatulia kama maji mtungini.

Asubuhi moja aliteleza kizingitini, akaushika mlango, akasimama. Akasubiri kidogo. Hakuna aliyejua.

Akachungulia dirishani. Kule uwanjani wenzake walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja, wote wameinamia upande mmoja, kuelekea pale alipozoea kusimama yeye. Mwalimu wa mazoezi aliwanyoosha; wakarudi kuinama vilevile.

Akajikuta naye anawaelekea, mwili umeinamia upande wao pale dirishani. Kikuku kipya kikambana taratibu, kikamnyoosha.