Pasipoti ya Mwajabu

Mkaguzi wa kazi alipiga simu jana yake kutoa taarifa, kama sheria inavyotaka, kwa hiyo alipofika alikuta sambusa za moto mezani. Mwajabu, mtumishi aliyezikaanga, alisimama kando akimtazama. Kila sheria iliyowahi kuingia nyumba hii ilikula kwanza, ndipo ikauliza.

"Sheria mpya," mkaguzi alisema akilamba vidole, "inataka mtumishi akae na pasipoti yake mwenyewe."

"Namtunzia tu, kaka yangu. Hawa ukiwaachia kitu, kesho kimepotea!" Bi Shadya, mwenye nyumba, alicheka, akaenda chumbani kuileta.

Mwajabu akaishika kwa mara ya kwanza tangu ashuke ndege nchi hii ya watu, miaka mitatu iliyopita. Mkaguzi akatia alama kwenye fomu, ikaingia na doa la mafuta.

"Tumemaliza. Haya binti, mrudishie mama akutunzie."

Bi Shadya akanyoosha kiganja. "Na ukitoka humu bila ruhusa yangu, unajua sheria inakuitaje."

"Mtoro," mkaguzi akamjibia, akichukua sambusa nyingine.

Mwajabu akaichomeka pasipoti kifuani, akaifunika kwa mikono yote miwili. Kiganja cha Bi Shadya kilibaki hewani, pete zikimeremeta, na mkaguzi akaacha kutafuna.