Tumbo la Bushiri Muuza Dawa

"Mzee, vijidudu bado vimo tumboni," daktari alisema, akimsogezea Bushiri karatasi ya majibu.

Ilikuwa mara ya tatu. Bushiri aliitazama karatasi kama mtu aliyetukanwa mbele za watu. Yeye, mwenye duka kubwa la dawa kuliko yote pale Nyamwaga, ashindwe na wadudu wasioonekana kwa macho! Suruali ilikuwa inamteleza kiunoni, na kila alichokula kilimchoma kama pilipili.

"Dozi ya kwanza ulimaliza?" aliuliza daktari, binti mdogo aitwaye Agustina.

"Siku kumi na nne, asubuhi na jioni. Mke wangu ananipa kwa mkono wake."

"Na ya pili, ile ya dawa za aina nne?"

"Nayo nimeimaliza."

"Basi huenda ni sugu. Watu wanakunywa nusu dozi, vijidudu vinazoea dawa, kisha vinahamia kwa wengine."

Bushiri alikohoa, akatazama dirishani.

Tangu dhahabu ianze kuvuta watu Kewanja, wachimbaji walimiminika dukani kwake wakiwa na vumbi hadi kwenye kope, kila mmoja na ugonjwa wake, hakuna aliye na muda wa kulazwa. Bushiri aliwauzia hata vidonge viwili viwili. Tena afadhali vingekuwa dawa. Rafu za mbele alizijaza kapsuli za unga wa muhogo na vidonge vya chaki, kazi ya mikono yake mwenyewe. Dawa za kweli zilikaa kwenye kabati la ndani, kwa ajili ya wakaguzi na familia yake. Zilifanana kama mapacha; hata yeye alizitofautisha kwa mahali zilipowekwa tu.

Ajabu ni kwamba watu walipona. Wiki iliyopita Boke, mama mmoja wa Kewanja, alikuja na jogoo kwapani.

"Mwanangu alikuwa hawezi hata kusimama, Baba Shamsia. Leo anachunga ng'ombe. Mungu akubariki!"

Alipoondoka, Bushiri alicheka mpaka akajishika tumbo. "Umesikia, Mama Shamsia? Muhogo umetibu homa ya matumbo! Watu wa machimbo hawa, ukiwauzia majivu watakuletea mbuzi."

Zaitun, mkewe, ndiye aliyekuwa akiuza dukani kutwa. Hakucheka. Alimchukua jogoo akaenda naye jikoni.

"Kabla sijakupeleka hospitali ya rufaa," Agustina aliendelea, "niletee hizo dawa ulizokuwa unakunywa. Nataka kuziona."

Kesho yake Bushiri alirudi kwa daktari kule Tarime na boksi kutoka kabati la ndani. Agustina alipasua kapsuli moja, akamimina unga wake kwenye kisahani, akadondoshea tone la ile ayodini ya kusafishia vidonda. Unga ukageuka bluu, ukaelekea weusi.

"Mzee, hii si dawa. Ni unga wa chakula. Umeuziwa na nani?"

Damu ilimpanda Bushiri kichwani. Njia nzima hadi Nyamwaga aliwalaani wauzaji wa jumla wa Mwanza: wezi, wauaji, watu wasiomwogopa Mungu! Binadamu gani anayemuuzia mgonjwa unga? Machozi yalimlengalenga kwa uchungu wa kudhulumiwa.

Aliingia dukani akihema. "Mama Shamsia! Wametumaliza! Kabati la ndani lote ni unga. Kesho nakwenda Mwanza, na polisi nakwenda nao!"

Zaitun alikuwa akimhudumia mchimbaji mmoja. Hakugeuka. Alimweleza yule kijana taratibu kwamba asubuhi ni kimoja, jioni kimoja, asiache hata kimoja hata akijisikia mzima. Akamfungia dawa kwenye karatasi, akangoja atoke.

"Mwanza usiende," alisema. "Wale walituletea dawa za kweli, nami nimewauzia hawa hawa unaowacheka. Za muhogo umezimaliza wewe."