Mwenye Ngao wa Élisée

Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia vijana mlango wa nyumba ya michezo ya video, Germain alimtembeza marehemu.

Haikuwa kazi ngumu. Aliwasha mashine ya pembeni, akaandika neno la siri lililojulikana na watu wawili tu, yeye na Élisée, kisha kwenye kioo akamsogeza shujaa wa Élisée kutoka kisimani hadi kwenye moto wa kijiji, au kutoka motoni hadi darajani. Akazima. Jioni Mama Rosalie, mama yake Élisée, angepita akitoka kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aulize kama mwanawe alitembea.

Uongo huu haukupangwa. Élisée alikuwa amepanda lori la mahindi barabara ya Nyunzu, na watu wenye silaha wakalisimamisha porini. Lambert, dereva, aliponyoka. Alimwambia Germain kwamba alimwona kijana akianguka, lakini mbele ya mama mtu alinyamaza. Mama Rosalie alipokuja kwa Germain mara ya kwanza, alitaka tu kuona hicho kilichokuwa kikimchelewesha mwanawe kila siku. Germain akamwonyesha shujaa. Kiwiko chake kikagusa kidude cha kuchezea, shujaa akapiga hatua.

"Anatembea," mama akasema. "Kumbe iko muzima."

Alikwisha kusikia kwa vijana kwamba mchezo huu uko kwenye mtandao, kwamba hata mtu aliye mbali, akipata simu, anaweza kuingia na kumwongoza shujaa wake. Germain alipaswa kusema kwamba ni kiwiko. Hakusema. Uongo ukishazaliwa hutaka kulishwa kama mtoto yeyote, naye akaulisha.

Baadaye mama akataka kujua mashujaa hao wanatofautianaje, maana aliona mwanawe ana ngao na wengine hawana. Germain akamweleza kwa subira, vijana wakidakia. Wa mkuki ni mwepesi, anachoma na kukimbia. Mali yake ni miguu. Mwenye ngao ni mzito, hana pigo la maana, lakini husimama mbele na kupokea mapigo ya wenzake, kwa hiyo mara nyingi hufa wa kwanza. Mwenye shoka hupiga kila upande, na huishi kuliko wote, kwa sababu yeye hamlindi mtu. Mwenye ngao akichoka anaweza kugeuka mwenye shoka, ila ngao huvunjika na hairudi tena, na tangu hapo malango ya vijiji vyote hufungwa mbele yake. Élisée aliwadharau sana wenye shoka. Alizoea kusema ni watu wasio na mama.

"Na huyo wa shoka," Mama Rosalie akauliza, "akikuja kugonga kwa mama yake?"

"Mchezo haukubali, Mama. Lango halifunguki."

"Mimi ningefungua."

Vijana walicheka. Germain alijifanya anapangusa kioo.

Kisha habari mbaya zikaanza kutoka upande wa Katanika. Watu wenye silaha walionekana karibu na kambi ya wakimbizi, na Mama Rosalie aliishi huko huko, katika kibanda cha turubai, pamoja na wadogo wawili wa Élisée. Christophe, kaka wa Mama Rosalie, alimwita aende kwake Moba, kusini mwa ziwa: boti ipo, chumba kipo, aje na watoto. Mama alikataa katakata. Ataondokaje, naye mwanawe anatembea? Akirudi atamkuta nani?

Hapo Germain akaogopa kwelikweli. Huruma yake ndiyo ingewaua wale watoto. Kabla hajajua la kufanya, homa ikamwangusha. Alilala wiki nzima, nyumba ya michezo imefungwa, ufunguo chini ya mto wake, mashine hazijaguswa. Alipoinuka alikuwa amekata shauri.

Mama Rosalie alikuja na beseni tupu. Germain hakumpa nafasi ya kuuliza.

"Mama, ni mimi njo nilikuwa namutembeza. Élisée alikufa siku ile ya lori, Lambert alimuona. Unisamehe. Peleka watoto Moba."

Mama hakulia. Aliketi kwenye benchi, akafungua kitambaa cha kichwani na kukifunga kiunoni, kama wanawake wanavyofanya wakienda matangani. Kisha akauliza boti inaondoka lini. Kesho, Germain akamjibu, na kifua chake kikapata pumzi.

Hakutaka abaki na shaka hata chembe. Akawasha mashine ya pembeni, akaandika lile neno la siri.

"Utamuona mwenyewe," akasema. "Nilimuacha kwenye moto siku ile nilianza kugonjwa. Pale pale njo iko."

Motoni hapakuwa na mtu.

Shujaa wa Élisée alikuwa nje ya lango, hana ngao, shoka mkononi, anagonga.

"Mufungulie," Mama Rosalie akasema.