Siku ya Kwanza ya Kikosi

"Bibi, rudi nyuma," mjukuu wangu alinifokea mlangoni pa ofisi ya ardhi, mbele ya watu wote.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka pingamizi, shemeji asininyang'anye kiwanja. Na kikosi kipya cha kulinda ofisi za serikali kilikuwa kimeanza kazi asubuhi hiyo hiyo.

"Bila kibali huingii."

"Kibali kinatolewa wapi?"

"Ndani."

Watu wakacheka. Mimi damu ilinichemka. Sare ile nilimpunguzia mikono mwenyewe jana yake, na uzi mweupe ulikuwa bado unaning'inia.

"Unalinda nini, wewe? Kuta?"

"Ni amri, bibi. Usinifukuzishe kazi."

Akaliinua rungu lake kunizuia. Nikaiinua kamba iliyofungwa mlangoni, nikapita.

"Haya, nipige," nikamwambia, bila kugeuka.